Siku moja maishani mwangu: Fremu moja na nusu

Saa 11 alfajiri. Nyumba imelala, mimi niko mbele ya kompyuta na maneno ya mwanangu ya jana usiku hayaniishi kichwani: "Baba, hawa vizuka wako wamelala." Ana miaka tisa na hajajifunza bado kumwonea mtu haya. Leo ni siku ya tatu ya likizo yangu ya siku nne. Mwenye akili timamu angekuwa kitandani.

Kwa wasionijua: huu ni mwezi wa saba naihamisha Pac-Man, mchezo wa kula vidonge kwenye vijia huku vizuka wanne wakikufukuza, ule wa Namco wa mwaka 1980 uliochezwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, niuingize kwenye Atari 2600, konsoli (mashine ya michezo ya kuunganisha na TV) ya mwaka 1977. Najua, ilishahamishwa. Toleo la mwaka 1982 liliuzwa sana na likaudhi wengi, maana vizuka waliwaka na kuzimika kama balbu mbovu. Yangu ni ya raha zangu tu. Siiuzi, na hata jina nimelibadilisha, kwa kuwa Pac-Man ina wenyewe.

Saa 12 asubuhi naanza na daftari, sio na kibodi. Swali ni moja: kwa nini mchezo wangu ni mteremko? Mwendo wa vizuka nimeupima mara tatu, uko sawa. Akili zao pia nimezinakili, kila mmoja na tabia yake. Mwekundu humfuata Pac-Man alipo. Wa waridi hulenga vigae (miraba ya ramani ya mchezo) vinne mbele ya Pac-Man, na hapo pana kituko cha asili: Pac-Man akielekea juu, hesabu huteleza na shabaha ikaangukia vigae vinne juu na vinne kushoto. Ni kosa la waandishi wa kwanza, na nimelihamisha kama lilivyo. Ukilirekebisha umetengeneza mchezo mwingine.

Saa 1 na nusu nafungua MAME, programu inayoiga mashine za zamani, na kuutazama mchezo wa asili fremu moja moja, yaani picha moja moja. Sekunde moja ina fremu takriban 60, kwa hiyo ni kazi ya kuchosha macho. Pac-Man anatembea... anatembea... anameza kidonge. Fremu inayofuata, hajasogea. Narudi nyuma, natazama tena. Hajasogea! Kila kidonge kinamsimamisha kwa fremu moja, na kile kikubwa cha nguvu kinamsimamisha tatu.

Miezi saba sijaliona hili. Hapo ndipo ulipo utamu wote wa mchezo. Katika hatua ya kwanza Pac-Man huenda kwa asilimia 80 ya mwendo wa juu kabisa na vizuka kwa asilimia 75, kwa hiyo kwenye njia tupu anawaacha. Akianza kula, vile visimamo vidogo vinamshusha hadi asilimia 71, nao wanamsogelea. Mchezaji haoni kisimamo; anachohisi ni pumzi ya mtu mgongoni. Kwangu Pac-Man alikuwa anakula huku anakimbia bila kulipa chochote. Ndiyo maana vizuka wamelala.

Saa 3. Ungedhani naandika "simama fremu moja" na kazi imekwisha. Hapana. Mashine ya asili ina vidonge 244, mimi ninavyo 150. Tatizo si kumbukumbu, ingawa Atari hii ina baiti 128 tu za RAM, kumbukumbu ya kazi: baiti moja ina biti nane, na ukikipa kila kidonge biti yake, vyote 244 vinakaa kwenye baiti 31. Tatizo ni upana. Kuta na vidonge vyangu vinachorwa kwa vipande 40 tu kutoka kushoto hadi kulia, na kati ya kidonge na kidonge lazima pawe na nafasi. Kwa hiyo vyangu vimeachana zaidi. Kwenye mashine ya asili anatumia fremu kama 8 toka kimoja hadi kingine, kwangu 12. Kisimamo cha fremu moja kinanipa karibu asilimia 74, ambayo kizuka wa 75 hawezi kuitumia kumkamata mtu. Viwili vinanipa chini kidogo ya 69, sasa ni uonevu. Ninachotaka ni fremu moja na nusu.

Nusu fremu haipo. Lakini idadi ya vidonge vilivyobaki tayari naihifadhi: ikiwa shufwa, simama fremu moja, ikiwa witiri, simama mbili. Wastani ni moja na nusu, asilimia 71. Sijaomba hata baiti moja mpya ya RAM. Nilijipongeza kwa sauti, peke yangu.

Saa 5 nabanana na msimbo wenyewe. Naandika kwa asembli, lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe, na programu ya DASM ndiyo inayoigeuza kuwa namba. Niwaeleze kidogo, maana marafiki huniuliza kwa nini hamishio la mchezo mdogo hivi linakula miezi. Atari 2600 haina mahali pa kuhifadhi picha. Kompyuta yako huchora picha nzima kwenye kumbukumbu kisha ikaipeleka kwenye kioo. Hii inachora mstari mmoja, wakati uleule mwale wa elektroni unapita juu ya kioo. Kila mstari una mapigo 76 ya prosesa. Ukichelewa, mwale haukungoji.

Na kuweka kitu mahali pake? Huwezi kuiambia chipu "mweke kizuka kwenye nukta ya 83." Hakuna amri hiyo. Unahesabu mapigo, unasubiri mwale ufike pale unapotaka, halafu unasema "hapa!" Kwenye kila pigo moja la prosesa mwale umeshavuka nukta tatu, na kitanzi cha kusubiri kinakula mapigo matano, kwa hiyo unampata kizuka kwa hatua za nukta 15, kisha unamsogeza taratibu mpaka atulie. Maumbo yanayotembea ya kuchora utakavyo ni mawili tu, kila moja upana wa nukta nane. Moja nimempa Pac-Man. La pili wanagawana vizuka wanne: nikimaliza kumchora wa juu, nalihamisha kwa wa chini yake. Wakikutana kwenye mstari mmoja ndipo wanapokezana fremu kwa fremu. Kuwaka na kuzimika kumebaki, ila kumepungua mno.

Saa 7 mchana nachoma chipu, yaani nauandika mchezo ndani yake. Ni EPROM (chipu ya kumbukumbu inayofutika) ya 2732, baiti 4,096, yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Niliifuta tangu asubuhi kwa taa ya urujuanimno. Naipachika kwenye katriji (kisanduku cha mchezo cha kuchomeka kwenye konsoli) niliyoiunga mwenyewe, ambayo ina chipu nyingine ndogo ya kugeuza ishara, kwa sababu konsoli hii huita katriji kwa ishara ya juu na EPROM huitika kwa ya chini. Mara ya kwanza nilisahau chipu hiyo na nikakaa siku mbili nikilaumu solda.

Nawasha TV ya chogo. Picha inatokea... na kuruka. Inatulia, inaruka tena.

Kwenye Stella, programu ninayotumia kuiga konsoli hii, ilikuwa imetikisika kidogo tu nikaipuuza. Uzembe. TV ya chogo haina huruma: inataka mistari 262 kila fremu. Narudi Stella, naiangalia hesabu: 262, 262, 264, 262, 263. Kuna mstari unaozidi mapigo 76, na ukizidi hata kwa pigo moja unameza mstari mzima unaofuata.

Kutoka hapo mpaka saa 10 jioni sikuinuka kitini ila mara moja, na ni kwa sababu mke wangu aliniuliza kama bado nimo humo ndani. Msimbo wa kuchora sikuugusa! Niligusa vidonge tu. Nikasoma, nikasoma tena, nikahesabu kwa vidole. Mwishowe nikaacha kusoma maagizo, nikasoma anwani zake. Prosesa hii huigawa kumbukumbu katika kurasa za baiti 256. Ruko la kawaida, yaani agizo la kurukia sehemu nyingine ya msimbo, linakula mapigo matatu. Likivuka mpaka wa ukurasa linakula manne. Baiti chache nilizoongeza asubuhi zilisukuma kila kilichokuwa chini yake, na ruko moja, lile la kumbadilisha kizuka, likaangukia ng'ambo ya mpaka. Mstari ukawa wa mapigo 77. Nimeongeza agizo la kuupanga msimbo wa kuchora uanze mwanzo wa ukurasa. Neno moja, ALIGN, na namba 256. Saa tatu za maisha yangu.

Jioni nilijaribu kurekebisha wimbo wa kufungulia nikaacha. Chipu ya sauti ina ngazi 32 tu, na nyingi hazilingani na noti yoyote ya muziki. Wimbo wangu unafanana na wa asili kama mtu mwenye mafua anavyofanana na sauti yake.

Saa 1 usiku mwanangu anashika fimbo ya kuchezea. Simwambii nilichobadilisha. Anaingia kwa kujiamini, anafagia kona ya chini, mwekundu yuko nyuma. Namwona anasogea mbele kwenye kiti. Anakufa. Anaanza tena, anakufa tena, safari hii pale juu akifuata vidonge vitatu vya mwisho vya njia. Picha imetulia, 262. Mara ya nne anasimama ghafla.

"Baba, mbona nikipanda juu huyu wa pinki anakimbilia kushoto? Huko hakuna mtu."

"Ndivyo alivyo tangu 1980."

"Basi tangu 1980 ni mbovu. Mrekebishe."

Kesho ni siku ya nne ya likizo, na tumeshaanza kubishana.