Naboti wa Mtaani Kwetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kwa tafakari ya wiki hii nilikuwa nimejiandaa na Waefeso. Lakini Jumanne usiku mmoja wetu alirusha kwenye kundi la akina mama orodha ya matajiri wa Tanzania, na usingizi ukaniruka.

Majina mnayajua. Mohammed Dewji wa Singida, ambaye jarida la Forbes humhesabu kati ya mabilionea wa dola. Rostam Aziz. Said Salim Bakhresa, mtoto wa Zanzibar aliyeacha shule mapema, akaanza na mgahawa mdogo Dar es Salaam, na leo unga wake umo jikoni mwetu. Akatajwa na marehemu Reginald Mengi, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake, akafariki Dubai Mei 2019, akarudishwa Machame kuzikwa.

Nikafungua kikokotoo cha simu. Nikiweka shilingi 10,000 kila siku, nisile, nisiugue, nisichangie msiba wa mtu, nitahitaji zaidi ya miaka 600,000 kuifikia dola bilioni moja. Baba watoto amelala. Mimi nimegeukia ukutani, tumbo limejaa uchungu, namwuliza Mungu mbona ananipita.

Ndipo nikamkumbuka Ahabu, mfalme wa Israeli. Naye alijilaza kitandani, akageuza uso, akakataa chakula, kwa sababu Naboti alikataa kumpa shamba lake. Mfalme mzima, mwenye jumba, analilia mahali pa kupanda mboga! Sikulala tena. Nilidhani choyo ni ugonjwa wa hao walio kwenye orodha. Kumbe choyo hakiulizi mtu ana kiasi gani.

Tena nikakumbuka Oktoba 2018, Dewji alipotekwa alfajiri alipokwenda kufanya mazoezi hotelini Oysterbay. Siku tisa hajulikani alipo. Familia ikaahidi shilingi bilioni 1 kwa atakayesaidia kumpata. Tulimwombea, mnakumbuka? Mimi nilifunga siku mbili, nikimfikiria mama yake na watoto wake. Sikuuliza ana kiasi gani. Jumanne hii jina lilelile limepita mbele ya macho yangu na sikuona mtu, niliona sifuri zimepangana.

Lakini jambo lenyewe sio Dewji wala Bakhresa. Hao wako mbali, wivu wangu hauwafikii. Unamfikia jirani.

Wapendwa, naungama. Mtaani kwetu kuna baba mwenye mashine ya kusaga. Alianza na moja, ikawa mbili, akajenga, akanunua Fuso. Mwaka juzi mwanawe akaugua miguu, hakutembea kwa miezi. Maneno yakaanza kisimani: yule ana ndagu, uchawi wa utajiri, mali yake inakula watoto. Mimi, mwimbaji wa kwaya, nimeyasema maneno hayo kwa kinywa changu. Niliyasema mara mbili, na mara ya pili niliongeza chumvi. Watu wakahamishia mahindi yao kwingine.

Mwezi uliopita umeme ulikatika mchana kutwa, ukarudi usiku. Saa tano hivi nikapita pale nikitoka kumwuguza mgonjwa. Nilimkuta yule baba peke yake, nyusi nyeupe kwa unga, anafunga gunia la mtu kwa uzi. Mtoto wake amelala juu ya viroba, ndala zimepangwa vizuri pembeni, maana sasa anatembea. Baba akaniambia, "Shikamoo dada, pole na safari." Nikaitikia, nikapita haraka. Nilijua nilichomfanyia.

Akina mama, mnaona njia ya Ahabu inakoishia? Alianza kwa kutamani tu. Halafu wakatafutwa mashahidi wa uongo, Naboti akasingiziwa, akapigwa mawe. Amri ya kumi ikivunjwa, ya tisa haichelewi. Na sisi tumekuwa mashahidi wale. Mjane akifungua duka la pili, tunasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za wengine. Kijana akinunua gari, Freemason. Jumapili tunapanda mbegu madhabahuni tupate magari hayohayo, Jumatatu tunamwita aliyelipata mchawi. Acheni, wapendwa. Tuache. Mtu akiiba mali ya umma, atajwe kwa ushahidi, na nabii Amosi atatusaidia kusema. Akiwanyima vibarua ujira, Yakobo amekwisha kuandika. Lakini kumpaka mtu damu ya mtoto wake kwa sababu ana mashine mbili, hilo ni jiwe, na mikono iliyolirusha ndiyo hii tunayoinua kwenye sifa.

Ombi la Aguri katika Mithali, asipewe umaskini wala utajiri, nimelisoma kila asubuhi tangu Jumatano. Sehemu ya pili bado inanikwama kooni, sitawaficha.

Nina debe moja la mahindi. Siku zote humtuma binti, na humtuma mashine ya mbali. Jumamosi nitalibeba mwenyewe mpaka kwa yule baba, asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Mniombee, maana kumwomba radhi peke yake haitoshi. Wale niliowaambia kisimani ni wanne, na wawili kati yao wanasoma tafakari hii.