Mafuta ya mimea nauza, kuunganisha watu siunganishi

Kila nikipandisha picha ya kopo jipya kwenye stetasi, meseji zinazoingia ni za aina mbili. Ya kwanza, dada hiyo bei gani na kweli inaondoa makunyanzi? Ya pili, dada na mie nataka kujiunga nianze kulipwa. Ya kwanza naijibu hapohapo kwa raha zangu, ya pili naijibu pia ila jibu langu wengi hawalipendi, na kwa vile nalirudia kila siku bora niliandike lote hapa, atakayeuliza tena nimtumie asome mwenyewe.

Mie nauza vipodozi vya mimea vya kutunza ngozi isizeeke haraka, krimu, seramu (yale majimaji mazito ya kupaka usoni), maji ya kusafishia uso, zile za biashara ya mtandao, sio wa intaneti, ni ule wa wanachama kuunganishana. Nazunguka nazo Ngamiani, Makorora, Mabawa, siku nyingine nafika mpaka Pongwe. Nanunua kwa bei ya mwanachama nauza kwa bei ya katalogi, kinachobaki katikati ndo changu, basi. Naipenda kazi hii kwa moyo mmoja, mana hapa Tanga mwanamke kumpelekea mwenzie vitu vya kujipamba mpaka ndani kwake tumeikuta kwa wakubwa zetu, udi, liwa, marashi ya waridi, muuzaji anakaribishwa anakalishwa mkekani anapewa chai na akiondoka keshajua nani anaolewa na nani katoka arobaini. Huko Marekani nako hivohivo, kampuni ya vipodozi ya Avon ilianza mwaka 1886 na bwana mmoja David McConnell aliyekuwa anauza vitabu nyumba kwa nyumba, akawa anawapa kina mama manukato kidogo kama zawadi ili wamsikilize, kumbe kina mama wanayataka manukato, vitabu hawana habari navyo.

Uzuri wa kuuza hivi ni kwamba uso wa mteja nauona. Dukani unachukua kopo unalipa unaondoka. Mie nakaa na wewe, naiona ngozi yako kwenye mwanga wa mlangoni, nakuuliza unaogea sabuni gani, unashinda juani au ofisini, una mimba, unanyonyesha, kuna kitu kishawahi kukuunguza. Alafu ndo nafungua begi.

Na kitu cha kwanza nikifungua begi nageuza kopo nyuma. Yale maandishi madogo wengi hawayasomi, lakini ndo penye habari yote, mana vitu vinaandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kinatangulia, na vile vilivyo chini ya asilimia 1 ndo vinapangwa vyovyote mwishoni. Karibu kila krimu utakuta inaanza na aqua, yani maji, alafu glycerin, alafu ndo yanakuja majina ya Kilatini yanayowatisha watu. Aloe barbadensis ni alovera. Camellia sinensis ni majani ya chai, chai hii hii wanayolima kule Usambara. Cocos nucifera ni nazi. Siku moja mama mmoja wa Chumbageni kashika kopo langu la bei kubwa kuliko yote, akaniuliza na hii Adansonia digitata ndo nini mwanangu, nikamwambia mama huo ni mbuyu. Mbuyu upi? Mbuyu huuhuu wa mabuyu ya watoto, mbegu zake zinakamuliwa mafuta. Akaliweka kopo chini akalitazama weee, kisha akaniuliza sasa pesa yote hii nalipia ubuyu?

Swali lake la haki na nilimjibu ka ninavowajibu wote. Kama shida yako ni ukavu tu, uso unakakamaa ukitoka kuoga, unapauka, basi mafuta ya nazi mazuri au hayo ya ubuyu yanakutosha kabisa, nishawaambia wateja hivo na oda ikaenda na wala sijutii. Krimu unailipia pale inapokuwa na kitu cha zaidi kinachofanya kazi na kimewekwa kwa kiasi cha maana. Jina la mmea likiwa limejificha huko mwisho kabisa baada ya manukato, lile ua kubwa lililochorwa kwenye boksi ni la boksi tu.

Sasa hiyo kazi yenyewe ya kuzuia uzee. Fanya hivi ukiwa umekaa hapohapo: inua mkono utazame ngozi ya ndani, juu ya kiwiko, karibu na kwapa, alafu tazama ngozi ya nyuma ya kiganja. Ile ya ndani laini, rangi moja, haina doa, ya kiganjani imekunjana, ina weusi weusi. Zote umezaliwa nazo siku moja. Kilichozitofautisha sanasana ni jua, mionzi yake inaingia ndani ya ngozi inakatakata kolajeni, ile inayoifanya ngozi ikaze, na hata siku ya mawingu inafika, hata umekaa dirishani kwenye daladala inapita kwenye kioo. Sie weusi tuna melanini, ile rangi ya ngozi, inatukinga kwa sehemu, ndo mana makunyanzi yanatuchelewa, ila uzee wetu unaanza kuonekana kwa madoa na rangi kutolingana, mashavuni na kwenye paji la uso. Nenda soko la Mgandini asubuhi uwatazame mama zetu wanaoshinda pale utaelewa.

Kwa hiyo mteja akiwa na hela ya kitu kimoja tu namwambia nunua sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, na hata kama mie sina, nunua kwa mwingine. SPF, yani kipimo cha kukinga jua kilichoandikwa kwenye kopo, iwe 30 kwenda juu, upake ya kutosha na shingo usiisahau, ukiwa nje urudie kila baada ya saa mbili. Australia walifanya utafiti ukatoka mwaka 2013, watu 903 walio chini ya miaka 55, waliofuatwa miaka minne na nusu, waliopaka sanskrini kila siku ngozi zao zilionyesha kuzeeka pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wanavojisikia. Wengi wa wale ni weupe sawa, ngozi zetu sio moja, ila jua ni lilelile na letu kali zaidi. Na kwa ndugu zetu wenye ualbino hili sio la urembo kabisa, ni la uhai, ndo mana pale hospitali ya KCMC Moshi ilianzishwa sanskrini ya Kilisun kwa ajili yao. Juu ya hapo mtandio, kofia, mwavuli. Wanawake wa Tanga kwa mtandio hatujambo, tuushushe tu kidogo mbele.

Baada ya jua ndo tunaongea seramu. Kitu ambacho madaktari wa ngozi wamekitegemea miaka mingi kwa makunyanzi na madoa ni jamii ya vitamini A, retinoli na ndugu zake, inafanya kazi lakini inawasha, inabambua, na mwenye mimba haruhusiwi. Kwenye mimea kuna bakuchioli, inatoka kwenye mbegu za mmea wa babchi wa kule India, na mwaka 2019 jarida la madaktari wa ngozi wa Uingereza lilitoa utafiti wa watu 44 kwa wiki 12, bakuchioli na retinoli zote zilipunguza mikunjo na madoa na hazikuachana sana, ila waliopaka retinoli ndo waliobambuka na kuchomeka zaidi. Watu 44 ni wachache, nalisema hilo kila mara, lakini ni kitu, na ni tofauti na mtu kukwambia tu hii ni mimea shoga yangu haina madhara.

Hilo neno ndo linaniudhi kuliko yote kwenye biashara yetu. Mimea haina madhara! Upupu nao si mmea? Ndimu je, mtu anajipaka ndimu na manjano usoni anatoka juani, jioni uso umeungua umebaki na mabaka meusi ya miezi, na ndimu kaichuma mwenyewe uani kwake. Ndo mana sikuuzii kopo siku ya kwanza. Nakupaka kidogo ndani ya mkono, unakaa nayo siku mbili tatu, ikiwasha unanirudishia maneno, isipowasha nakuletea.

Na wale wanaotaka "kung'aa" kwa wiki moja mie sio muuzaji wao. Krimu ya mimea ya kweli haina haraka, hesabu miezi miwili mitatu ndo uanze kuona kitu. Ukiona imekutakatisha ndani ya siku tatu humo mna jambo, haidrokwinoni ile dawa ya kuchubua, au zebaki, au dawa za steroidi, na mkorogo wa namna hiyo hata wakiuchorea majani mia kwenye kopo ni sumu, zebaki inakwenda mpaka kwenye figo, steroidi inaichuna ngozi inabaki nyembamba. Vilipigwa marufuku kwenye vipodozi kwa sababu. Toka mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo ukiletewa kitu cha ajabuajabu uliza kimesajiliwa, na anayeuza kwa haki hatakununia.

Haya, sasa ile meseji ya pili. Dada nataka kujiunga.

Ukitaka kujiunga ili upate bei ya mwanachama kwa mafuta unayoyatumia wewe na binti zako, karibu, nakusaidia hata kujaza fomu. Ukitaka kuuza ka mie, yani uwe na wateja wanaopaka usoni, karibu pia, tutaenda wote wiki za kwanza. Lakini ukiniambia unataka kuunganisha watu, wao waunganishe wengine, wewe ulale upate kamisheni, hapo ndo nakataa, na sikatai kwa wivu ka wanavosema kwenye semina.

Chukua kalamu. Kila mtu aunganishe watu 5 tu, ndivo tunavoambiwa, watano tu jamani nani hana ndugu watano. Ngazi ya kwanza 5, ya pili 25, ya tatu 125, inafata 625, 3,125, 15,625, 78,125, ngazi ya nane 390,625. Jiji la Tanga lote kwenye sensa ya 2022 ni watu 393,429. Ngazi ya nane peke yake karibu imeumaliza mji, na kichanga aliyezaliwa hospitali ya Bombo usiku ule kaunganishwa, na babu wa miaka tisini kaunganishwa, na ukijumlisha na ngazi za juu watu hawatoshi. Sasa nani atabaki wa kununua krimu?

Na wa chini ndo wengi siku zote, na wa chini ndo wanaoumia. Namjua dada mmoja mtaani kwetu, makatoni yako uvunguni, kayanunua kila mwezi ili pointi zitimie asishuke levo, kwenye makaratasi ya kampuni ni mzigo umeuzwa, aliyemuunganisha kalipwa asilimia yake, lakini hakuna uso wa mtu uliopakwa. Vikopo vimepita muda. Mtaji ulikuwa hela ya mchezo wa kupokezana. Kule Marekani mwaka 1979 kesi ya kampuni ya Amway iliamuliwa kwamba sio upatu, yani wa juu kulipwa kwa pesa za wanaojiunga chini, kwa sababu walikuwa na sheria zao, ikiwemo muuzaji auze angalau asilimia 70 ya mzigo alionunua mwezi ule ndo apate bonasi, na awe na wateja 10 kwa mwezi. Mie hiyo nimeifanya sheria yangu mwenyewe, mzigo haujatoka siagizi. Na wenye umri wetu DECI ya 2009 tunaikumbuka, ule upatu wa kutoa pesa ukiita kupanda mbegu na kuvuna, hatuhitaji kusimuliwa.

Mengine madogo niliyoulizwa wiki hii. Kopo likishafunguliwa tazama kile kichoro cha kopo lenye kifuniko pembeni, ikiandikwa 12M ni miezi 12, sio mpaka liishe. Usiliweke dirishani wala juu ya kabati chini ya bati, joto letu la Januari na Februari linaharibu mafuta, weka chini penye kivuli. Liwa unaweza kuendelea kujipaka, msio wako usiutupe, ila sio juu ya seramu kwa wakati mmoja.

Na kama una kidonda usoni kisichopona, au doa linalokua na kubadilika rangi, au ngozi imeshaunguzwa na mkorogo, usinipigie mie. Hata mwezi ukiwa mbaya na sina oda hata moja, hapo sikuuzii kitu, nenda Bombo wakutazame, wakisema ngozi iko sawa ndo tuonane.