Sumu ya nyuki na kansa: kuua seli sio kazi, kazi ni kuifikisha

Kila baada ya muda ile habari inarudi kwenye magrupu, eti sumu ya nyuki inaua kansa ya matiti ndani ya saa moja, watu wanauliza mbona hospitali hawaitumii. Habari yenyewe sio uongo. Mwaka 2020 watafiti wa Perth, Australia walionyesha kwamba melitini, peptidi iliyojaa kwenye sumu ya nyuki, inaua seli za baadhi ya kansa sugu za matiti kule maabara, na ndani ya dakika 60 utando wa seli ushaharibika kabisa. Peptidi ni kama protini fupi tu, amino asidi zimeungana mnyororo, melitini inazo 26. Ina chaji chanya, na seli nyingi za kansa kwa nje zina chaji hasi kuzidi seli zenye afya, basi inavutwa pale, inajipenyeza, inatoboa, seli inavuja mpaka inakufa.

Sasa hiyohiyo melitini inapasua na chembe nyekundu za damu. Ukiimwaga kwenye mshipa haichagui. Kwenye kisahani cha maabara hakuna damu, hakuna ini wala figo za kuumia. Kwa hiyo kama una mgonjwa nakuomba sana, asiache dripu zake akadungwe na nyuki, mzio wake peke yake unaweza kumuua dakika chache tu.

Mimi kinachonipa moyo ni dolastatini 10, sumu nyingine ya asili inayoua seli za kansa. Hii ilitoka kwa konokono wa Bahari ya Hindi, timu ya mkemia George Pettit ikaitangaza 1987, kali kupita maelezo, lakini ilipofika kwa wagonjwa ikashindwa, dozi wanayoivumilia haitoshi kumaliza kansa. Hawakuitupa! Walitengeneza ndugu yake anaitwa MMAE, wakamfunga kwenye antibodi, yaani protini ya kinga inayonata kwenye alama moja tu, hii inatafuta alama ya CD30 iliyopo juu ya seli za limfoma ya Hodgkin, aina ya kansa ya mfumo wa limfu, seli inaimeza yenyewe halafu sumu inafunguka huko ndani. Marekani wakaipitisha 2011, ndio brentuximab vedotin. Madhara bado yapo, ganzi na kuchomachoma kwenye vidole, ila kuna watu kemo (dawa za kawaida za kuua kansa) ilishagoma kabisa kwao na uvimbe ukayeyuka kwa dawa hii.