Mvua ya Jangwani

Dubai sikuwa na shughuli nako. Nilikuwa nabadilisha ndege tu, nikae kiwanjani saa chache, kisha niendelee na safari yangu ya semina. Tulitua Jumanne asubuhi, tarehe 16 Aprili 2024, mvua ikinyesha ya kawaida. Kijana wa kiti cha nyuma yangu alifurahi kupita kiasi. Mvua jangwani! Akabandika simu dirishani akawa anarekodi matone.

Kufika saa nane mchana hapakuwa tena na cha kufurahia. Nje kuliingia giza la magharibi, lakini giza lenye rangi ya kijani, kitu ambacho sijakiona kabla wala baadaye. Radi zilipiga mfululizo. Kwenye ubao wa safari maandishi yakaanza kubadilika mstari baada ya mstari: imechelewa, imechelewa, imefutwa. Nilisogea dirishani. Barabara za ndege hazikuonekana, palikuwa na ziwa tu, na ndege kubwa ilipita katikati yake polepole, ikiyakata maji kama mashua, mawimbi yakisambaa pande zote mbili. Mtu mmoja alicheka, wengine wakamtazama, akanyamaza. Jioni, kwenye saa moja na nusu, tukasikia kwamba ndege zilizokuwa njiani kuja zimeelekezwa viwanja vingine.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba Khatm Al Shakla, karibu na mji wa Al Ain huko huko Falme za Kiarabu, zilipimwa milimita 254 za mvua katika muda usiofika saa 24. Tangu nchi ile ianze kuweka kumbukumbu mwaka 1949 haikuwahi kupata mvua ya namna hiyo, na kwa kawaida mwaka mzima huambulia kama milimita 100 tu. Mji uliojengwa kwa jua hauna mifereji ya kutosha kubeba mzigo kama huo. Maji yakafika, yakakaa, yakangoja kunyonywa na malori ya matangi.

Usiku ule niligundua kwamba mali ya thamani kiwanjani ni soketi ya umeme. Watu waliziwinda chini ya viti, nyuma ya mashine za vinywaji, hadi kwenye kona za vyumba vya kuswalia. Nilipoiona moja yenye waya uliochomekwa bila mwenyewe kuonekana, nikainama kuuchomoa kidogo tu, nipate asilimia chache.

"Wacha waya wangu, nina wajukuu wanangoja sauti yangu!"

Kiswahili. Cha Unguja, tena kile cha zamani, kilichonyooka. Nikageuka. Bibi mmoja alikuwa ameketi juu ya leso aliyoitandika kwenye zulia, viatu vyake vimepangwa pembeni kana kwamba yuko barazani kwake.

"Shikamoo bibi. Samahani, nilidhani hauna mwenyewe."

"Marahaba. Kumbe wetu! Haya kaa, tutachaji kwa zamu."

Alikuwa anakwenda Muscat. Alizaliwa Unguja, akahamia Oman akiwa msichana, akaolewa na kuzalia huko. Watu wa namna yake Muscat ni wengi, na Kiswahili wamekitunza majumbani. Kutoka pale Dubai kwao ni mwendo wa kama saa moja tu kwa ndege. Mimi nilikuwa mbali na kwetu na sikuona ajabu kukwama. Yeye alikuwa karibu kiasi cha kukasirika. Kwenda kwa gari nako kulikuwa hakusemeki, barabara zilikuwa chini ya maji.

Oman ilikuwa imeanza kunyeshewa tangu Jumapili. Binti yake alimtumia ujumbe wa sauti, akausikiliza simu ikiwa sikioni, uso ukabadilika. Watoto wa shule walikuwa wamechukuliwa na mafuriko wakiwa garini, na walikufa.

"Maji ya bondeni hayana adabu," aliniambia. "Unaliona bonde kavu, mbuzi wanapita, jua linawaka. Kumbe mvua imenyesha milimani huko usikokuona. Unasikia mvumo, na ukishausikia umeshachelewa."

Jumatano mvua ilikuwa imepungua sana, jua likajitokeza, na hapo ndipo watu walipopandwa na hasira hasa. Mbona haturuki? Foleni ya kaunta ya shirika letu ilizunguka nguzo ikarudi ilikoanzia, na mfanyakazi wa pale alikuwa na jibu moja: subirini tangazo. Nilimhurumia, lakini nadhani hata "hatujui mpaka jioni" ingetutuliza kuliko jibu lile. Aliyetufafanulia alikuwa abiria mwenzetu, jamaa aliyewahi kufanya kazi ya kupakia mizigo viwanjani. Ndege zenu, alisema, ziko nchi nyingine, zilipelekwa huko jana. Marubani na wahudumu wana saa za kazi wasizoruhusiwa kuzipita, na waliokwisha kupumzika wako mjini, barabara zimejaa maji, watafikaje? Hata gari la chakula cha ndege haliwezi kuja. Mvua ikikatika, alisema, mahesabu ndiyo kwanza yanaanza. Hakuna aliyefurahia maelezo yake, ila watu kadhaa waliondoka kwenye foleni wakaenda kulala.

Mchana huohuo uvumi ulisambaa kwamba mvua ile ni ya kutengenezwa, kwamba serikali imepanda mawingu, yaani imeyamwagia chumvi kwa ndege ili yanyeshe, ikazidisha kipimo. Mwanamume mmoja alitueleza habari hiyo kwa uhakika wote, akituonyesha video. Bibi alimsikiliza hadi mwisho nikiwa namtafsiria, kisha akaniambia nimuulize: "Na ile ya kwetu Oman nayo wameitengeneza wao?" Yule bwana akaizima simu. Kituo cha taifa cha hali ya hewa cha Falme za Kiarabu kilikanusha baadaye kwamba mawingu yalipandwa wakati wa dhoruba. Kwangu mimi swali la bibi lilikuwa limetosha: dhoruba iliyofunika nchi kadhaa kwa mpigo haitoki kwenye vindege vichache vinavyomwaga chumvi.

Muscat waliitwa kwanza, Alhamisi usiku. Bibi alikunja leso yake bila haraka, akaniachia ile soketi kama mtu anayekabidhi shamba, akaniamuru nisimpe mtu nisiyemjua. Mimi niliondoka kesho yake. Begi langu halikusafiri nami. Lilinifuata siku nyingi baadaye, nguo zikiwa zimeota ukungu, na semina nilihudhuria kwa shati nililotoka nalo nyumbani.

Tulikuwa tumepeana namba. Nilipofungua simu nikakuta ujumbe wake wa sauti, nyuma kelele za watoto: "Mwanangu, nimefika salama, nyumba nzima iko sawa alhamdulillah. Gari la mkwe wangu tu ndilo limebebwa na maji, na mwenyewe nilishamwambia asiliegeshe bondeni."