Siku moja nyumbani kwa Vesta: Roma, 9 Juni

Vesta alikuwa mungu wa kike wa moto wa nyumbani kwa Warumi wa kale, na 9 Juni ni sikukuu yake. Warumi walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza, kama Waswahili: saa sita ni jua la utosi. Ila saa zao zilirefuka kiangazi. Juni saa moja ilikaribia dakika 75. Ratiba hii tumeipanga sisi, kazi zenyewe zimo katika maandishi ya kale.

Alfajiri. Moto kwanza. Mabikira wa Vesta ni sita, na aliye zamu ndiye anayeulizwa. Ukizimika, kuhani mkuu humchapa viboko, kisha mti wa heri hupekechwa mpaka uwake, na moto mpya huingizwa hekaluni kwa chungio la shaba.

Saa moja. Maji ya chemchemi. Ya bomba ni mwiko. Chombo chake kina mdomo mpana na kitako chembamba, ukikitua tu kinamwagika. Kimetengenezwa hivyo makusudi, maana maji ya ibada hayawekwi chini.

Saa tatu. Hapa ndipo penye kazi: mola salsa, unga wa chumvi wa kunyunyizia wanyama wa kafara. Unga wenyewe ni wa tangu Mei. Kati ya tarehe 7 na 14, siku moja kazi siku moja mapumziko, mabikira watatu wakubwa waliweka masuke ya fari vikapuni, kisha wakayabanika, wakayatwanga, wakayasaga. Usiruke kubanika: fari ni ngano ya kale ambayo ganda lake hung'ang'ania punje, na likiwa bichi utatwanga bure.

Chumvi nayo ina safari yake. Ile chafu hupondwa kinuni, hutiwa chunguni, mdomo huzibwa kwa jasi, chungu huingia tanuri. Hutoka bonge gumu la kukatwa kwa msumeno wa chuma, ndipo huwekwa mtungini na kutiwa maji yale ya asubuhi. Leo ni kuchanganya. Mchanganyiko mwingine ni 13 Septemba, kwa hiyo usipunje.

Saa sita. Akina mama wanaingia pekupeku. Chumba cha ndani cha hekalu kiko wazi kwao tangu tarehe 7 Juni. Nje, punda wa waoka mikate wamevishwa mashada yenye mikate, na mawe ya kusagia yamepambwa maua. Punda wanastahili, mwaka mzima ndio wanaoyazungusha.

Jioni. Zamu inabadilishwa. Uchafu wa hekalu utatolewa tarehe 15 na kutupwa mto Tiber. Kabla ya hapo mke wa kuhani wa Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, hachani nywele, na bibi harusi anashauriwa asubiri.