Nilivyoupata mgongo laini wa ngege kwa mashine ndogo ya CNC

Mama mmoja mwenye hoteli ya samaki kule Dunga, Kisumu, aliniagiza kibao cha mlangoni: ngege (tilapia) wa mbao ya mvule, urefu sentimita 25, aliyeinuka kutoka kwenye ubao kama anaogelea. Nilimchonga kwa mashine yangu ya CNC ya mezani, inayochonga yenyewe kwa kufuata amri za kompyuta. Nilipompelekea, mama alipitisha kidole kuanzia kichwani, kikakwama katikati ya mgongo.

"Mwanangu, mbona hapa kuna ngazi? Na hapa pameungua."

Alisema kweli. Nikamwomba wiki moja, nikamfunga samaki kwenye gazeti nikarudi naye.

Msasa haukuwa jibu. Mapezi ni membamba, na kabla mgongo haujalainika mapezi yamekwisha kulika. Nilitaka mashine yenyewe imwache samaki akiwa safi. Nikabadilisha biti inayokata, nikasafisha koleti inayoishika, nikakaza kila nati. Ngazi zikabaki palepale.

Siku ya tatu nilizima redio nikasikiliza. Penye ubao bapa mashine ililia sauti moja. Ikifika mgongoni ilianza kutetema na kujikokota. Nikachukua simu nikapima muda: mkato wa milimita 100, niliouwekea mwendo wa milimita 1000 kwa dakika, ulipaswa kwisha kwa sekunde 6. Ulichukua 25.

Hapo nikafungua faili la amri na kulisoma mstari kwa mstari. Mgongo wote ulikuwa umekatwakatwa kuwa vipande vya milimita 0.05. Mashine yangu inaendeshwa na GRBL, programu inayosoma amri hizo na kuzungusha mota, ambayo huangalia mbele takriban mistari 16 tu, na lazima iwe na uwezo wa kusimama mwishoni mwa mstari wa mwisho inaoujua. Mistari 16 ya 0.05 ni milimita 0.8. Uwezo wa kuongeza na kupunguza mwendo, ile mipangilio ya $120 na $121, nilikuwa nimeuacha kwenye 10 za kiwandani, yaani kila sekunde mwendo hubadilika kwa milimita 10 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, kwa umbali huo haiwezi kupita milimita 240 hivi kwa dakika, hata uiamuru vipi. Biti nayo inazunguka kwa kasi ileile, kwa hiyo badala ya kukata inasugua, na mbao inaungua.

Nikarudi kwenye programu inayotengeneza njia ya biti. Kiasi ambacho njia inaruhusiwa kupotoka kutoka kwenye umbo kilikuwa milimita 0.001, usahihi ambao mashine ya mezani haiufikii kamwe. Nilikipandisha hadi 0.1 na mgongo ukatoka na bapabapa, kwa hiyo nikashuka hadi 0.02, vipande vikawa vya nusu milimita na zaidi. Umbo lenyewe, ambalo kwenye kompyuta limeundwa kwa pembetatu nyingi, nalo nilihifadhi upya kwa pembetatu ndogo zaidi, maana njia haiwezi kuwa laini kuliko umbo inalolifuata. Kisha nikapandisha $120 na $121 polepole: 30, 60, 100. Kwenye 200 mhimili ulipoteza hatua, yaani mota ilishindwa kufuata amri, nikarudi 100.

Ngazi ndogo zilizobaki zilitokana na nafasi kati ya mkato na mkato. Biti yangu ya ncha ya duara ina kipenyo cha milimita 3. Nafasi ya 0.6 huacha kati ya mikato kigongo chenye kimo cha 0.03, ukiipunguza hadi 0.3, kigongo hushuka hadi chini ya 0.008. Nafasi nusu, kigongo robo, muda mara mbili. Kwa kazi ya mteja naona muda huo unalipa, ila usiutumie kwenye mkato wa kwanza wa kupunguza mbao: huko acha milimita 0.3 juu ya umbo, mkato wa mwisho uziondoe. Na mkato huo niliupitisha kufuata nyuzi za mvule, upande mmoja tu, bila kwenda na kurudi, ili ulegevu wa skrubu usichore mistari.

Chembe zilizoruka safari hii zilikuwa chembe kweli, si vumbi la kahawia, na harufu ya kuungua haikuwepo.

Nilimpelekea mama jioni, wateja wakiwa wengi. Alifuta mikono kwenye kanga, akapitisha kidole tangu kichwani hadi mkiani, hakikukwama. Akamwinua samaki kwenye mwanga wa mlangoni, akamgeuza, kisha akaniuliza samaki mbuta wa ukubwa huohuo nitamfanyia bei gani.