Ukuta wa sebule ulivyonyooka

Sebule ya nyumba aliyotuachia baba, hapa Tanga, ilikuwa na rangi ya mafuta yenye vinundu. Vumbi likikaa humo halitoki, na taa ikiwaka jioni ukuta mzima unajaa vivuli. Nikaamua upigwe skimu, yaani upakwe puti, ule unga laini wa kusawazishia ukuta, mpaka unyooke.

Fundi wa kwanza alipaka puti moja kwa moja juu ya rangi. Siku ya nne niligusa kona kwa kucha, kipande cha ukubwa wa kiganja kikabanduka chote. Nilipokigeuza, mgongo wake ulikuwa laini kama sahani. Roho iliniuma, maana hela ilishaondoka. Nikampelekea mzee jirani aliyekuwa fundi rangi miaka mingi. Akakitazama, akasema, "Mwanangu, ukuta unateleza hivi, puti ingeshika wapi? Utie meno kwanza."

Kutia meno kulichukua siku tatu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Tulibandua puti yote, tukakwangua vichwa vya vinundu kwa skrepa, kisha msasa namba 80 mpaka mng'ao wote ukafa. Tulilowesha ukuta kidogo kidogo, tena tumevaa barakoa, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni hatari, hasa kwa watoto. Tukaosha kwa sabuni, tukasuuza, tukaacha pakauke kabisa, ndipo tukapaka praima, rangi ya kwanza ya kushikishia, ile inayoshika juu ya rangi ya mafuta. Safari hii nilijaribu kwanza kipande cha futi moja. Kesho yake nikakikwaruza kwa kisu, hakikubanduka.

Puti nilimimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, nikakoroga hadi ikawa kama mtindi mzito. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, ulijaza mabonde, wa pili tukaupitisha kwa kukatiza mwelekeo wa ule wa kwanza, wa tatu mwembamba kabisa. Kila mkono ulilala usiku mzima kabla ya mwingine.

Usiku nikazima taa, nikaegemeza tochi ya simu ukutani ili mwanga upite ubavuni. Kila bonde lilijionyesha, nikaliwekea alama kwa penseli. Asubuhi tukaziba, tukapiga msasa namba 220, tukafuta vumbi, tukapaka praima tena na mikono miwili ya rangi ya maji.

Kimebaki chumba cha watoto. Jumamosi naanza na skrepa.